UZI: Kamera ya DSLR ya kuanzia, na namna ya kuipima kabla ya kuinunua kwa anayeishi Unguja au Pemba

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Vijana wanaotaka kuanza upigaji picha hapa visiwani kwa DSLR (kamera ya lenzi ya kubadilishwa, yenye kioo ndani kinachopeleka taswira kwenye kitundu cha kuchungulia) huulizia kwanza kamera ina megapikseli ngapi, yaani mamilioni ya nukta zinazounda picha, na muuzaji hulijibu swali hilo kwa furaha kwa sababu ndilo jepesi kuliko yote. Naomba tuliweke pembeni mapema. Canon EOS 2000D ina megapikseli 24.1, Nikon D3500 ina 24.2, na Canon EOS 4000D, iliyo rahisi kuliko hizo mbili, ina 18. Hata picha ya megapikseli 18 husafishwa kwa ukubwa wa fremu ya ukutani na ikapendeza. Tofauti zinazomfaidisha au kumkwamisha anayeanza ziko kwengine: kwenye lenzi, kwenye betri, kwenye namna mtu anavyoweza kuuongoza mwanga kwa vidole vyake, na kwenye uwezo wake wa kuitunza kamera katika hewa yetu ya chumvi na unyevu.

Mimi hupiga picha za harusi, khasa upande wa wanawake, na huwafundisha wasichana wanaotaka kuishika kazi hii. Kwa hiyo nitazungumzia zaidi picha kuliko video, na nitaipima kila kamera kwa kazi ambazo mwanafunzi wa kwetu atakutana nazo kweli.

Kabla ya yote, mnunuzi ayajue majina. Kamera nyingi hutufikia kupitia Dubai, au huletwa na jamaa walioko Uingereza, Omani na Marekani, na kamera moja huwa na jina tofauti kila soko. EOS 2000D ndiyo hiyo hiyo inayoitwa 1500D katika nchi za Asia na Rebel T7 Marekani. EOS 4000D ndiyo 3000D na ndiyo Rebel T100. Nimewaona watu wakilipa zaidi kwa kuamini kuwa T7 ni toleo jipya kuliko 2000D, ilhali ni mashine ile ile iliyotangazwa Februari 2018. Nikon D3500, iliyotangazwa Agosti mwaka huo huo, ina jina moja kila pahala.

Sasa nizipime. Ya 4000D naimaliza upesi, kwa sababu simshauri mtu kuinunua mpya. Kioo chake cha nyuma ni cha inchi 2.7 na ni hafifu mno, kiasi kwamba mwanafunzi hawezi kujua kama picha yake imefokasi sawasawa mpaka afike nyumbani. Pete ya kuvalia lenzi ni ya plastiki, na kitundu cha kuchungulia hakina gurudumu la kurekebisha kwa mwenye macho dhaifu. Mtu anayevaa miwani hawezi kuivua akapata picha iliyo wazi kitunduni. Kilichopunguzwa ili bei ishuke ndicho hasa anachokihitaji mtu anayejifunza.

Baina ya 2000D na D3500, naipa D3500 nafasi ya kwanza kwa picha, na sababu yangu kubwa ni betri. Kwa kipimo cha viwandani, betri ya D3500 hutoa picha 1,550 kwa chaji moja, wakati ya 2000D hutoa 500. Katika harusi inayoanza alasiri kwa kupambwa bibi harusi na kumalizika usiku wa manane, au katika kijiji ambacho umeme umekatika tangu asubuhi, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama utaendelea na kazi au utakaa kitako. D3500 hupiga picha 5 kwa sekunde na 2000D hupiga 3, jambo linalohisika kwenye mashindano ya ngalawa au mchezo wa ng'ombe kule Pemba, ambapo tukio zima hupita kwa mara moja. Pia D3500 hufika ISO (kiwango cha kamera kuhisi mwanga) 25,600 bila ya kunyooshwa, ilhali 2000D huishia 6,400 na hufika 12,800 kwa kulazimishwa tu. Sisemi kuwa picha ya ISO 25,600 itapendeza, lakini ile ya 3,200 na 6,400 hutoka safi zaidi kwenye Nikon, na huko ndiko tunakofanyia kazi usiku.

Kwa upande wa fokasi hakuna ya kujisifu. 2000D ina pointi 9, D3500 ina 11, na katika zote mbili pointi ya kati pekee ndiyo yenye nguvu kwenye mwanga mdogo. Mwanafunzi ajifunze kuitumia hiyo ya kati: aiweke juu ya jicho la anayepigwa, abonyeze nusu, kisha apange fremu yake.

Nikija kwenye mwanga, hapa naomba subira yenu, kwa sababu hili ndilo jambo ninaloona linapuuzwa zaidi katika tathmini za kamera zinazoandikwa na watu wa nchi za baridi. Unguja iko kiasi cha nyuzi 6 kusini mwa ikweta na Pemba kiasi cha nyuzi 5. Jua la adhuhuri hukaa karibu na utosi kwa sehemu kubwa ya mwaka, vivuli huingia ndani ya macho ya watu, na jioni giza hutufikia upesi, hivyo ule mwanga laini wa dhahabu unaopendwa na wapiga picha ni wa muda mfupi sana. Juu ya hayo, sisi ni watu wa kanzu nyeupe na buibui jeusi, na tunaishi baina ya kuta zilizopakwa chokaa.

Kipimo cha mwanga kilichomo ndani ya kamera yoyote kimetengenezwa kwa kuamini kuwa kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, ni cha kijivu cha wastani. Akisimama mzee mwenye kanzu mbele ya ukuta mweupe wa Mji Mkongwe, kamera huona weupe mwingi, hudhani mwanga umezidi, na huupunguza. Matokeo yake kanzu hutoka ya kijivu na uso wa mzee huzama gizani. Wakisimama akina mama wenye mabuibui kwenye kivuli cha baraza, kamera hudhani mwanga ni haba, huuongeza, na buibui hutoka kama limechujuka, na nyuso zikapauka. Dawa yake ni kitufe chenye alama ya kuongeza na kupunguza: kwa kanzu na ukuta mweupe uongeze kiasi cha hatua moja (kila hatua huongeza mwanga mara mbili au huupunguza nusu), na kwa mabuibui upunguze hatua moja, kisha utizame picha na urekebishe. Kamera zote mbili zinaruhusu marekebisho ya hatua 5 juu na 5 chini, kwa hiyo uwezo upo. Kinachotakiwa kupimwa ni wepesi. Kwenye D3500 kitufe hicho kiko juu, jirani na kile cha kupigia picha. Kwenye 2000D kiko nyuma, chini ya kidole gumba. Mnunuzi aishike kamera, aweke jicho kitunduni, na ajaribu kukibonyeza huku akizungusha gurudumu, bila ya kuishusha kamera usoni. Mkono wenyewe utamwambia ipi inamfaa, na mikono ya watu haifanani.

Zaidi ya hapo, muuzaji aombwe ruhusa ya kutoka nayo mlangoni. Duka likiwa Darajani au Mlandege, mwenye kanzu hatakosekana, na akiombwa kwa adabu mara nyingi hukubali. Piga picha moja bila ya kurekebisha na nyengine ukiwa umeongeza hatua moja. Picha hizo mbili zitakufunza mengi kuliko karatasi ya sifa iliyobandikwa kwenye boksi. Na anayetaka kuona weupe wa nguo na weusi wa ngozi vikikaa pamoja kwa heshima katika fremu moja, azitizame picha za zamani za Capital Art Studio, iliyoanzishwa na Ranchhod Oza hapa mjini mwaka 1930. Zile zilipigwa kwa filamu isiyo na rangi, na kilichozibeba ni mtu aliyejua kuusoma mwanga.

Nihamie kwenye lenzi. Kamera hizi huuzwa na lenzi ya milimita 18 hadi 55, ambayo inatosha kujifunzia mchana. Hapa pana tahadhari moja: 2000D huuzwa katika maboksi mawili tofauti, moja likiwa na lenzi yenye kituliza mtikisiko, iliyoandikwa IS, na jengine likiwa na lenzi isiyo nacho, na kwa macho zinafanana. Kwa Nikon tafuta herufi VR. Lenzi isiyo na herufi hizo isikubaliwe kwa bei ile ile.

Usiku, lenzi hii hufika mwisho wake. Ukiivuta hadi milimita 55, tundu lake kubwa kabisa la kuingizia mwanga ni f/5.6 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa zaidi). Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo kampuni zote mbili zinayo na ndiyo miongoni mwa lenzi rahisi kuliko zote, huingiza mwanga unaokaribia mara kumi ya huo. Tafsiri yake ukumbini ni hii: pale ambapo lenzi ya boksini inakulazimisha upige kwa sehemu 1 ya 15 ya sekunde, na kila anayecheza ngoma anatoka kama moshi, ile ya f/1.8 inakuruhusu upige kwa sehemu 1 ya 125 na mtu akatoka wazi. Hakuna bodi (kamera yenyewe bila ya lenzi) ya kuanzia itakayokupa faida ya kiasi hicho. Ndiyo maana nasema kwa msisitizo kwamba mwenye fedha za kununua bodi ya juu zaidi na lenzi ya boksini peke yake, ashuke daraja moja la bodi na anunue lenzi ya f/1.8.

Kwa Canon, lenzi zote za EF na EF-S zina mota ndani yake tangu mfumo huo uanze mwaka 1987, kwa hiyo hata ile kuukuu iliyoachwa na ami yako itafokasi yenyewe kwenye 2000D, mradi ni nzima. Kwa Nikon lazima uwe macho, kwa sababu D3500 haina mota ndani ya bodi, na hufokasi yenyewe kwa lenzi zilizoandikwa AF-S au AF-P tu. Lenzi za AF na AF-D, ambazo ni nyingi kwenye soko la vilivyotumika, zitaingia na zitapiga picha, lakini utafokasi kwa mkono. Mwenye ndugu au marafiki wa kazi wanaotumia Canon, na ambao wataazimana naye lenzi, anayo sababu nzuri ya kuchukua 2000D licha ya yote niliyoyasema juu ya betri.

MCHANGIAJI KUTOKA MICHENZANI:
Ahsante dada kwa uzi huu. Naona hukuigusa Wi-Fi. 2000D inayo na D3500 haina. Mteja wa siku hizi anataka picha tatu nne kwenye simu yake kabla hajatoka ukumbini, na mimi humpa kazi mwenye kuniletea picha upesi.

MWANZISHA UZI:
Kaka, hoja yako ni ya kweli, na kwa anayefanya kazi ya biashara ina uzito. D3500 hutumia Bluetooth, ambayo kwa kawaida hutuma picha zilizopunguzwa hadi megapikseli 2. Kwa WhatsApp zinatosha, ila hazifiki kwa kasi ya Wi-Fi. Hata hivyo kisoma kadi kidogo kinachochomekwa kwenye simu kinafanya kazi hiyo kwa upesi zaidi ya zote mbili, na hakili betri ya kamera. Kwa anayeanza, mimi bado naona picha elfu moja za ziada kwa chaji moja zina faida kubwa kuliko Wi-Fi.

MWALIMU WA SKULI, CHAKE CHAKE:
Tunataka kuanzisha klabu ya wanafunzi, na tungependa warekodi pia mahojiano na wazee. Tumeshauriwa EOS 250D. Je, tutakuwa tumefuja fedha?

MWANZISHA UZI:
Maalim, kwa mahojiano hamtafuja. 2000D na D3500 zote hazina tundu la kuchomekea maikrofoni ya nje, na sauti ya mzee anayezungumza barazani huku upepo wa kusi unavuma haiwezi kuokolewa na maikrofoni iliyomo ndani ya kamera. EOS 250D, ya mwaka 2019, inalo tundu hilo, kioo chake hugeuzwa na huguswa kama cha simu, na inafokasi vizuri sana katika video ya kawaida ya 1080. Inarekodi pia 4K (video yenye nukta nyingi zaidi), lakini humo ule mfumo wake mzuri wa fokasi haufanyi kazi, hivyo msiilipie kwa ajili ya 4K. Jambo jengine la kulijua ni kwamba pahala pake pa kuchomekea flashi hapana ile pini ya katikati, kwa hiyo flashi nyingi za kawaida na vifaa vya kuziwashia kwa mbali, vilivyotengenezwa na kampuni nyengine, havitawaka. Kabla ya kununua flashi yoyote, ichomekeni kwanza na mjaribu. Kama bajeti ya skuli haifiki, Nikon D5600 iliyotumika nayo ina tundu la maikrofoni na kioo cha kugeuzwa, ingawa fokasi yake katika video ni ya taratibu zaidi.

MCHANGIAJI KUTOKA FUONI:
Nasikia kampuni zimehamia kwenye kamera zisizo na kioo cha ndani, na kwamba DSLR hazina mwisho mwema. Kwa nini tumshauri kijana anunue kitu kinachoondoka?

MWANZISHA UZI:
Ni kweli kwamba Nikon imeacha kutengeneza D3500 na kwamba lenzi mpya zinatoka kwa mifumo mipya. Lakini ndiyo sababu ya bei za zilizotumika kushuka, na kwa mtu mwenye fedha kidogo hiyo ni fursa. Mwanga, tundu, shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) na ISO anavyojifunza kwenye D3500 ni vile vile atakavyovikuta kwenye kamera yoyote ya baadaye. Kitundu cha kuchungulia cha DSLR ni cha kioo na hakitumii umeme, hivyo betri hudumu, na hakipofuki juani kama vioo vya nyuma vinavyopofuka adhuhuri ufukweni Paje. Mwenye fedha ya kutosha kununua kamera isiyo na kioo pamoja na lenzi ya pili, na anunue. Anayelazimika kuchagua baina ya bodi mpya yenye lenzi moja hafifu na DSLR yenye lenzi mbili nzuri, achukue ya pili.

MCHANGIAJI KUTOKA WETE:
Kuna mtu ananiuzia D3500 na lenzi mbili. Niangalie nini? Na lenzi moja ina kama utando ndani.

MWANZISHA UZI:
Ndugu yangu, huo utando ndio wa kuanzia. Ivue lenzi, fungua tundu lake lote, na umulike tochi ya simu kutoka upande mmoja huku ukichungulia upande wa pili. Ukiona vumbi dogo, usijali. Ukiona nyuzi nyembamba zilizotawanyika kutoka kwenye kitovu, hilo ni kuvu, nalo hula ile ngozi nyembamba iliyopakwa juu ya vioo. Kulisafisha ni kuifungua lenzi nzima, na kwa lenzi ya bei ndogo gharama ya fundi hushinda thamani yake. Iache hiyo, na bei ipunguzwe. Wala usiihifadhi pamoja na nzima, kwa sababu mbegu za kuvu ziko kila pahala lakini hakuna haja ya kuzialika.

Kisha tizama skrubu za pete ya lenzi na vyuma vya ndani ya nyumba ya betri. Vikiwa na kutu au unga wa kijani, kamera hiyo imeonja maji ya chumvi, na usiinunue kwa bei yoyote. Piga picha ya mbingu au ya ukuta mweupe kwa f/16 au f/22 na uikuze: madoa meusi ni vumbi juu ya sensa, kile kibamba cha ndani kinachonasa picha. Linasafishika, lakini ujue kuwa D3500 na 2000D zote hazina mfumo wa kujikung'uta vumbi, kwa hiyo ukiwa ufukweni usibadilishe lenzi kabisa. Mwisho, piga picha ya JPEG uichukue kwa simu. Nikon huandika ndani ya picha idadi ya mara ambazo shata imefunguka, na ziko tovuti zinazoisoma bure. Canon haiandiki humo, na kuipata kunahitaji programu na waya.

Ukishainunua, itunze kuanzia siku ya kwanza. Kuvu hustawi unyevu wa hewa unapozidi asilimia 60 kwa muda mrefu, na hewa yetu, khasa wakati wa masika, huupita huo kwa urahisi. Huhitaji kabati la fedha nyingi. Chukua chombo cha plastiki chenye mpira kwenye kifuniko, tia ndani pakiti za silika jeli za kutosha pamoja na kipimo kidogo cha unyevu, na uache unyevu baina ya asilimia 40 na 50. Jeli ikishiba maji ikaushwe kwa moto mdogo na irudishwe. Usitumie mchele, kwa sababu unga wake huingia kwenye maungio. Usiiweke kamera ndani ya mfuko wa ngozi kabatini, kwa kuwa ngozi hushika unyevu. Na ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje penye joto, iache ndani ya begi lililofungwa kwa kiasi cha nusu saa ipate joto polepole, la sivyo vioo vitafunikwa na umande, na umande unaoingia ndani ya lenzi ndio unaolilea kuvu.

Lenzi ya pili ikiwa ni AF-S au AF-P na vioo vyake ni safi, chukua kamera na hiyo moja. Nitumie humu ile picha ya mbingu kabla hujalipa, nami nitakwambia ninachokiona.